Ati bomba la sinki limeganda BARAFU. Hii hii Nakuru

Wanakijiji nina hasira mpaka vidole vinateleza nikitaipu. Yule keretaka wa huku Free Area mnamjua, wa kofia ya sufu hata jua la utosi, leo amekuja kuangalia sinki ya jikoni maji haishuki, akainama, akagonga bomba na spana, ngo, akaniambia mbele ya mama wa mlango wa pili, "Hii imeganda. Ni baridi ya Julai. Ngoja jua litoke." IMEGANDA. Maji inaganda sifuri digrii, hapa usiku mbaya kabisa inacheza nane tisa, sasa hiyo barafu ilipita kwangu kitandani ikaniacha ikaenda kulala kwa bomba? Sinki imejaa, ugali unaelea, na mtu mzima ananiambia ngoja jua. Siku ya renti huwa hangoji jua, anabisha hata jogoo hajaamka. Ngoja jua!! Na akaondoka na kikombe cha chai yangu.

chapo_mbili: Chai ulimpa ya nini sasa

Fundi_Langalanga: Wee unakaanga matumbo kila jioni unamwaga mafuta kwa sinki, baridi ikiingia inashikana humo ndani. Weka ndoo chini, fungua lile bomba limejikunja, utatoa mshumaa mzima. Keretaka amesema kweli, imeganda 😂

mwenye uzi: Nani amekuambia ni matumbo??

jirani_kimya: Harufu.

Mluhya_wa_Winnipeg: Huku ndio zinaganda kweli, Januari ikifika hasi 30 bomba la maji machafu likipita ukuta wa nje linajaa barafu, sinki inakurudishia kila kitu. Unalipasha na draya ya nywele polepole ukianzia upande wa sinki, maji ya kuchemka usijaribu, bomba litapasuka. Huyo keretaka mtuleteeni, huku ni profesa.

nyar_kondele: Nyinyi mko na maji hadi inafurika mnalia? Mfereji wangu hapa Kisumu unakohoa hewa tu na bili inakuja kama kawaida

Kinangop_juu: Barafu ya alfajiri imechoma viazi zangu zote na sikufungua uzi

nyar_kondele: Woi pole. Kwani gunia sasa ni ngapi huko?

mwenye uzi: Jamani SINKI

Kinangop_juu: @nyar_kondele nitumie meseji, kuna za Molo ziko sawa