Cron haitoi bekapu, ila komandi nikiipiga kwa mkono inakubali. Msaada wakuu

kijana_wa_nondo
Wakuu habari za jioni. Nina seva ndogo ya Ubuntu 22.04 nimekodi, inaendesha mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi la mjomba, databesi ni MySQL. Sasa mjomba amenibana kuhusu bekapu maana mwezi jana kompyuta ya kaunta ilizima moja kwa moja presha ikampanda, nikamwambia tulia, naweka iwe inajichukua yenyewe kila siku saa nane usiku watu wamelala. Komandi nikiipiga mwenyewe faili linatokea vizuri tu, nikiiweka kwenye cron, ile programu ya kuendesha komandi kwa ratiba, hola. Leo siku ya nne folda tupu. Mstari wenyewe huu (mysqldump inatoa nakala ya databesi, gzip inaibana):

`0 8 * * * mysqldump duka | gzip > /home/nondo/bekapu/duka-$(date +%F).sql.gz`

Halafu crontab -e, komandi ya kuhariri ratiba ya cron, nayo ilinitesa, mara ya kwanza iliniuliza nichague edita nikabonyeza 2 bila kusoma, nikajikuta kwenye vim, nikahangaika humo karibu nusu saa mwisho nikafunga dirisha zima. Sijui ndo niliharibu kitu?

mpita_njia
Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Ila vim hata mimi ilishanilaza na njaa

Dada wa Logi
Hujaharibu kitu, usipohifadhi crontab inabaki ile ya zamani. Ukinasa tena bonyeza Esc, andika `:q!` piga enter umetoka, ukitaka kuhifadhi ni `:wq`. Kama hutaki kuiona kabisa piga `select-editor` chagua nano, yaishe.

Tuje kwenye kesi yenyewe. Tusikisie, piga `sudo grep CRON /var/log/syslog` utuwekee hapa.

kijana_wa_nondo
Dada shukrani, hii hapa ya leo:

`08:00:01 CRON[2817]: (nondo) CMD (mysqldump duka | gzip > /home/nondo/bekapu/duka-$(date +)`
`08:00:01 CRON[2816]: (CRON) info (No MTA installed, discarding output)`

Dada wa Logi
Haya angalia mwisho wa mstari wa kwanza, umekatika kwenye `date +`. Iko wapi %F? Kwenye crontab alama ya asilimia ina kazi yake, cron ikiikuta inajua mstari umeishia hapo, kinachofuata inakichukua kama maandishi ya kuilisha hiyo komandi. Kwahiyo shell, yaani programu inayosoma komandi, imeletewa mabano yamefunguliwa hayajafungwa, ikagoma. Na kugoma ililalamika kabisa, tatizo cron malalamiko yake huyatuma kwa barua pepe ya humohumo kwenye seva, wewe hujainstoli programu ya barua, yakatupwa. Ndo huo mstari wa pili. Ukipiga kwa mkono crontab haihusiki ndo maana inakubali.

Andika `\%F` badala ya `%F`. Au bora zaidi weka komandi kwenye skripti, humo asilimia haina shida, cron iite skripti tu, na mwisho wa mstari ongeza `2>> /home/nondo/bekapu/makosa.log` ili siku ikigoma tena uone imesema nini.

kijana_wa_nondo
Dada Mungu akubariki, nimeweka beksleshi na leo faili limetokea!!! Ila kuna jipya. Saa tano asubuhi kaunta imeganda, mfumo unasoma bei vizuri ila ukibonyeza uza unazunguka tu, mafundi wamepanga foleni wanataka saruji, mjomba ananipigia simu anafoka. Baadae ikakaa sawa yenyewe. Inahusiana kweli?

Babu Seva
Mdogo wangu, hiyo 8 uliyoandika ulimaanisha saa ngapi?

kijana_wa_nondo
Si saa nane usiku babu

Babu Seva
😂😂😂 Nilijua tu. Cron haijui saa zetu mjukuu wangu, yeye anahesabu kuanzia saa sita usiku kama mzungu. Saa nane ya usiku kwake ni 2. Na usikute seva yako iko UTC, majira ya kimataifa yaliyo nyuma yetu kwa saa tatu, piga `timedatectl` uone. Kama ni UTC basi 8 yake ni 11 ya huku, yaani saa tano asubuhi, duka limejaa. Piga `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu `sudo systemctl restart cron` maana cron usipoirestati inaendelea na majira ya zamani, kisha andika `0 2`.

Dada wa Logi
Babu mimi seva naziachaga UTC zote, ukiwa nazo nyingi kulinganisha logi ni rahisi. Angeandika `0 23` tu ingetoka saa nane ileile.

Babu Seva
Sawa, ila faili litabeba tarehe ya jana, siku mjomba akitaka ya Jumatatu ampe ya Jumapili. Ana seva moja huyo, muache.

Dada wa Logi
Hapo umenishinda. Kijana, hata hivyo kuganda kwenyewe ni kwasababu mysqldump ikiachwa hivihivi inafunga meza za databesi (majedwali), isipomaliza kusoma mtu haandiki. Ongeza `--single-transaction`, meza zikiwa za aina ya InnoDB kaunta itauza huku bekapu inaendelea. Na faili kuwepo sio bekapu, lipime kilo, ukikuta bait 20 ujue ni gzip tupu.

kijana_wa_nondo
Mrejesho wakuu. Niliamka kabisa saa nane na dakika tano kuangalia. Faili lipo, 41M, nimepiga `zcat` na `tail` mstari wa mwisho umeandika Dump completed. Mjomba kanitumia hela ya soda. Sasa haya yakirundikana diski ikijaa?

Babu Seva
`find /home/nondo/bekapu -name '*.sql.gz' -mtime +14 -delete`, ila kwanza ipige bila hiyo `-delete` uone itagusa nini. Na nakala moja itoe nje ya hiyo seva. Soda ya babu usisahau