Tohara ya Kiyahudi: siku ya nane inahesabiwaje?

Mdadisi
Wakuu, Mwanzo 17 inataka mtoto atahiriwe siku ya nane. Aliyezaliwa Jumanne usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumatano, anatahiriwa lini? Na ikiangukia Sabato?

Msomaji wa Torati
Siku ya kuzaliwa ndiyo ya kwanza, na siku yao huanza jua likizama. Watu wa pwani mtaelewa haraka: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Basi huyo ni mtoto wa Jumatano, atatahiriwa Jumatano ijayo, mchana tu. Sabato haizuii, isipokuwa kwa aliyezaliwa kwa upasuaji. Huyo husubiri Jumapili.

Binti Nuru
Mkuu, umesahau afya. Mtoto mwenye manjano husubiri apone. Akiugua mwili mzima, huongezwa siku 7 kamili baada ya kupona. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya sheria za Kiyahudi, inasema ndugu wawili wakifa kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Inafanana sana na hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda.

Mzee Kalamu
Kukata govi peke yake hakutoshi. Mohel, yaani ngariba wao, huchana pia utando wa ndani na kuurudisha nyuma hadi kichwa kiwe wazi. Hatua hiyo huitwa *periah*. Bila hiyo tohara haihesabiki. Wasomi wengi wanaihusisha na zama za Wagiriki, ambapo baadhi ya Wayahudi walivuta ngozi iliyobaki wafiche tohara.

Kisha damu hufyonzwa. Kufyonza kwa mdomo kumewahi kuambukiza watoto virusi vya hapesi, hivyo wengi hutumia mrija wa kioo au shashi.