eSIM kwenye iPad: nihamishe laini yangu kuu au nisajili mpya, na bando nitanunuaje?

BintiKitabu ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nina iPad Air ya inchi 11 yenye chipu ya M2, toleo la Wi-Fi + Cellular. Haina tundu la kuchomeka laini, inapokea eSIM tu, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. Nataka iwe na intaneti yake nikiwa safarini kati ya Dodoma na Morogoro, kwa barua pepe, faili za PDF na mikutano ya Zoom mara mbili tatu kwa wiki.

Yanayonitatiza ni haya. Laini yangu kuu iko kwenye simu na ndiyo yenye M-Pesa. Je, niihamishie kwenye iPad au nisajili nyingine? Na bando nitanunua vipi, maana iPad haina pa kubonyeza nyota na reli? Halafu nimeambiwa QR, ile picha ya mraba inayopigwa kwa kamera ili kuweka eSIM, ikishatumika mara moja imekwisha kazi. Ni kweli? Naomba maelezo ya hatua kwa hatua.

---

FundiMasafa amejibu:

Dada, laini ya M-Pesa iache palepale kwenye simu. iPad ikishawekewa laini inapata data peke yake. Haipigi simu ya kawaida, haifungui menyu za nyota na reli, wala haipokei SMS za mtandao. Ile programu ya Messages unayoiona ni ya iMessage. Ukihamishia namba yako kuu huko, menyu ya M-Pesa huna tena, na namba za siri za mara moja kutoka benki zitatumwa mahali usipoweza kuzisoma. Na namba moja haikai kwenye vifaa viwili: eSIM ikishawashwa, kadi ya zamani inakufa. Sajili laini mpya kwa ajili ya iPad.

Kabla ya kwenda dukani fungua Settings > General > About uhakiki vitu vitatu. Kwanza EID, namba yenye tarakimu 32. Hiyo ndiyo kitambulisho cha chipu ya eSIM. Pili IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, tarakimu 15. Kifaa kisichoonyesha hata kimoja kati ya hivyo viwili ni cha Wi-Fi tupu, na hakuna programu wala fundi wa kukiongezea eSIM. Nasema hivi kwa faida ya wengine watakaosoma, kwa sababu iPad za Wi-Fi huuzwa mitandaoni kama "zinakubali laini". Tatu, mstari wa Carrier Lock uwe umeandikwa "No SIM restrictions". iPad iliyotoka kwa kampuni ya simu ya nje ikiwa bado imefungwa, eSIM ya hapa itakataliwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Nakili EID na IMEI uende nazo.

Dukani utahitaji namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20, na alama za vidole. Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe; wakala wa mwavuli barabarani mara nyingi ana kadi za plastiki tu. Mweleze mapema kama tayari una laini ya mtandao huohuo, kwa sababu laini ya ziada ina utaratibu wake wa usajili. Utapewa QR iliyochapishwa au itatumwa kwa barua pepe. Ikija kwa barua pepe, ifungue kwenye simu, kwa sababu kamera ya iPad haiwezi kupiga picha kioo chake yenyewe.

Kuweka sasa:

1. Unganisha iPad na Wi-Fi. Hotispoti ya simu inatosha, mzigo unaoshushwa ni mdogo sana.
2. Hakikisha tarehe na saa vinajiweka vyenyewe. Saa ikiwa ya uongo, cheti cha usalama cha seva kinakataliwa na utaambiwa tu kwamba laini haiwezi kuongezwa.
3. Settings > Mobile Data. Ukiwa umechagua Kiingereza cha Marekani itaandikwa Cellular Data. Bonyeza kuongeza laini mpya, kisha chagua QR.
4. Piga QR, kubali, na usifunge ukurasa mpaka imalize. Jina la mtandao likitokea juu kulia, zima Wi-Fi ufungue tovuti yoyote kujaribu.

Kamera ikigoma kusoma karatasi, chagua kujaza kwa mkono. QR ni maandishi ya kawaida yanayoanza na LPA:1, kisha alama ya dola, anwani ya seva, alama nyingine ya dola, na msimbo wa kuwashia. Programu yoyote ya simu ya kusoma QR itakuonyesha. Anwani inaingia kwenye SM-DP+ Address, msimbo kwenye Activation Code, bila zile alama za dola na bila nafasi mwishoni. Nafasi moja tu iliyoingia wakati wa kunakili inatosha kukwamisha.

Kuhusu QR kutumika mara moja, ndiyo, chukulia hivyo. Ndani ya QR hamna laini. Mna anwani ya mahali laini ilipowekwa pamoja na tiketi ya kuichukulia. iPad ikishaichukua, seva inaandika kwamba imechukuliwa. Ukiifuta kwenye iPad unarudi dukani kuomba QR mpya, na vidole tena. Kwa hiyo siku utakapoisafisha iPad kwa Erase All Content and Settings, soma vizuri: utaulizwa kama ubakize laini au uifute. Bakiza.

---

Pwani_Kavu amejibu:

FundiMasafa kamaliza upande wa kuweka. Mimi naongeza la bando, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokwama wakiwa na eSIM inayosoma vizuri kabisa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kununua kwa simu yako. Menyu za vifurushi za mitandao yetu huwa na sehemu ya kumnunulia mtu mwingine: unachagua kifurushi, unaingiza namba ya iPad, unalipa kwa salio au kwa pesa ya simu. Laini zote mbili ziwe za mtandao mmoja ili sehemu hiyo ifanye kazi bila mzunguko. Namba ya iPad iandike kwenye simu yako siku ileile ya usajili. Usitegemee kuikuta kwenye Settings, mara nyingine nafasi hiyo huwa tupu.

Programu ya mtandao husika ni njia ya pili, lakini ina mtego. Wakati wa kujiunga inatuma namba ya siri kwa SMS kwenda kwenye namba unayoisajili, na iPad haisomi SMS. Ingia kwenye programu hiyo kwa namba yako ya simu, namba ya siri ije kwenye simu, halafu humohumo nunua kwa ajili ya namba ya iPad.

Kuna dawa nyingine kwa anayetaka kila kitu kiende kwa namba ya iPad yenyewe. Sajili kwanza kwa kadi ya plastiki, ichomeke kwenye simu yoyote, weka PIN, jiunge na programu, fanya yote yanayohitaji SMS. Ukimaliza ndipo unarudi dukani kuibadilisha iwe eSIM. Ni safari mbili badala ya moja, lakini kazi inabaki imekamilika. Angalizo: siku ya kubadilisha usitumie hotispoti ya laini hiyohiyo kushusha eSIM, kwa sababu kadi inaweza kuzimwa katikati ya zoezi.

Jambo la mwisho kwenye bando: zile SMS za "umebakiwa na MB kadhaa" hutaziona. Kwa hiyo siku unayonunua kifurushi nenda Settings > Mobile Data, shuka mpaka chini kabisa, bonyeza Reset Statistics. Hesabu ya Current Period itaanza sifuri na utajua umetumia kiasi gani. Isipofutwa kwa mkono inaendelea kujumlisha tangu mwanzo, na haijui bando lako lilianza lini. Na usiache salio la fedha kwenye namba ya iPad. Bando likiisha huku salio lipo, hatari ni kuliwa kwa bei ya nje ya kifurushi. Likiwa sifuri, intaneti inakatika tu, unajua muda wa kununua umefika.

---

Mlimani_77 amejibu:

Na kwa nini asitumie tu hotispoti ya simu? Gharama ya laini ya pili haipo, na bando linakuwa moja.

---

FundiMasafa amejibu:

Mlimani_77, kwa mtu wa barua pepe pekee nakubaliana nawe. Tatizo ni Zoom. Simu ikipigiwa wakati inagawa intaneti, na laini au simu yenyewe haina VoLTE (kuongea kupitia 4G), inashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G mpaka mazungumzo yaishe, na mkutano unaganda. Betri ya simu nayo inakwisha haraka ukiwa kwenye basi. iPad yenye laini yake inaepuka yote mawili. Isitoshe, toleo la Cellular lina GPS, la Wi-Fi halina, kwa hiyo likiwa na data yake ramani inakwenda sawasawa barabarani.

BintiKitabu, hesabu ya Zoom ni hii: kasi ya Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) kwa saa nzima ni MB 450. Mkutano wa watu wengi kwa ubora wa kawaida ukichukua karibu Mbps 1.6 ukijumlisha kwenda na kurudi, ni kama MB 700 kwa saa. Ukizima kamera yako unapunguza sehemu kubwa ya kinachopanda. Mikutano mitatu ya saa moja kwa wiki ni takriban GB 2, kabla ya PDF.

Wezi wa bando kwenye iPad wako kimya. Kwenye Mobile Data Options washa Low Data Mode. Ukiona "Allow More Data on 5G" imechaguliwa, iondoe, maana hapo kifaa kinaichukulia 5G kama Wi-Fi ya nyumbani na kushusha hata masasisho ya mfumo. Kwenye iCloud Backup zima kuhifadhi kwa data ya simu. Photos na App Store zizime kwenye orodha ya programu iliyo ndani ya Mobile Data. Hayo manne yana maana kuliko kuhangaika na programu ndogondogo moja moja.

---

Bandari_Mtwara amejibu:

Samahani kuingilia. Mwenye Samsung Galaxy Tab S9 5G anafuata hayohayo?

---

Pwani_Kavu amejibu:

Mkuu, wewe una nafuu. Kishikwambi hicho kina sehemu ya nano-SIM na eSIM pia. Njia ni Settings > Connections > SIM manager > Add eSIM, kisha unapiga QR. EID utaikuta kwenye About tablet, sehemu ya hali ya kifaa.

Tofauti kubwa ni kwamba Samsung nyingi za 5G zina programu ya simu na ya ujumbe, hivyo unabonyeza menyu ya bando humohumo na SMS unazisoma. Kabla ya kununua, angalia kama hizo programu zipo, kwa sababu matoleo ya kampuni za simu za Marekani huja bila kupiga. Na ukiona Tab S9 isiyo na neno 5G ni ya Wi-Fi, haina eSIM.

---

BintiKitabu amejibu:

Asanteni sana. Nimesajili mpya na nimeiweka. Jina la mtandao linaonekana, 4G imejaa, bando nimenunua kwa simu na imethibitisha. Lakini Wi-Fi nikizima hakuna ukurasa unaofunguka.

---

FundiMasafa amejibu:

Dada, jina la mtandao kuonekana maana yake eSIM ni nzima. Usiifute kwa namna yoyote. Angalia kwa mpangilio huu:

Kwanza kifurushi chenyewe. Soma tena ujumbe wa uthibitisho kwenye simu: namba ni ya iPad kweli, na ni bando la intaneti kwa matumizi yote? Vifurushi vya mitandao ya kijamii vinafungua WhatsApp na Instagram, tovuti nyingine hazifunguki, na dalili yake ni hiyohiyo unayoieleza.

Pili APN, yaani jina la mlango ambao laini hupitia kwenda kwenye intaneti. Settings > Mobile Data > APN Settings. Kwa Vodacom Tanzania sehemu ya APN ni internet, kwa herufi ndogo, jina na nywila vikiwa vitupu. Kwa wanaotusoma kutoka Kenya, Safaricom ni safaricom, jina saf, nywila data. Ukishaandika, washa hali ya ndege kwa nusu dakika kisha uizime, ili iPad ijisajili upya kwenye mnara. Kubadili APN bila kufanya hivyo mara nyingi hakuonyeshi matokeo.

Tatu, kama una VPN au programu ya kuzuia matangazo, izime ujaribu.

Yote yakishindikana, mpigie huduma kwa wateja ukitumia simu yako, mtajie namba ya iPad, na umuulize swali moja mahususi: je, huduma ya data imewashwa kwenye laini hii? Laini mpya inaweza kuwa imekamilika kusajiliwa huku data haijafunguliwa upande wao, na wao wanaifungua bila wewe kurudi dukani.

---

BintiKitabu amejibu:

Ilikuwa APN, ilikuwa tupu kabisa. Nimeandika internet, nikawasha na kuzima hali ya ndege, inafunguka. Low Data Mode nimeiwasha na Reset Statistics nimebonyeza.

---

Pwani_Kavu amejibu:

Safi sana dada. Hata mwezi ambao husafiri, inunulie hata bando dogo na uiwashe kidogo. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake hugawiwa mtu mwingine, na kwa eSIM hiyo ina maana ya kuanza upya dukani na NIDA na vidole.