Shangazi ana kifafa, kaandikwa "nguvu kazi" na kupangiwa kuchimba lambo

Wakuu, nimekaa na hili wiki nzima, leo nalitapika.

Shangazi yangu yupo kijijini huku Chamwino. Kaya yake ni ya walengwa wa ruzuku ya kaya maskini, na mlengwa mwenye nguvu anapangiwa ajira za muda ndio alipwe. Sina ugomvi na hilo. Wamejuaje kwamba ana nguvu?

Walikuja waandikishaji watatu na pikipiki mbili, wakamkuta anatwanga uwele. Jina, umri, watoto wangapi. Wakamwambia atembee mpaka kwenye mkwaju arudi. Akarudi. Kwisha! "Mama, wewe mzima kabisa." Alipowatajia kifafa mmoja akacheka, eti mbona hudondoki sasa hivi. Kwa hiyo adondoke mbele yenu ndio muandike? Daftari la kliniki lilikuwa ndani, hakuna aliyeliomba.

Akapangiwa kufukua lambo. Jua la Oktoba la Dodoma mnalijua. Sepeto mkononi toka saa moja asubuhi, pembeni dimbwi la maji na tope. Siku ya tatu akaanguka. Mungu saidia aliangukia upande wa udongo, ila karai lilimchana juu ya jicho. Na zile siku alizolala nyumbani kaandikwa mtoro, hela imekatwa!!

Shangazi mwenyewe hakatai kazi. Kitalu cha miche kipo jirani na kwake, angemwagilia kivulini bila shida. Halafu kuna kijana wa jirani kakatwa mguu, fundi viatu, mikono kama chuma. Yeye kaandikwa hawezi kazi yoyote, wakati pale lamboni wanahitaji mtu wa kukaa na daftari la mahudhurio. Hakuna aliyeuliza kazi yenyewe inataka nini.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inaangalia nafasi anazokosa mtu kwenye maisha ya kawaida kwa sababu za mwili, akili au jamii. Mkwaju haumo. Hata karani wa sensa 2022 aliuliza kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, na ugumu ni wa kiasi gani. (Ingawa kwa maswali hayo peke yake kifafa kingeponyoka, maana asipoanguka ni mtu kama wewe.)

Mtendaji kaniambia nisubiri uhakiki mwingine. Lini? Hajui. Lamboni wanarudi Jumatatu.

Aliyewahi kupinga tathmini ya namna hii akasikilizwa anielekeze: ulipeleka cheti cha daktari, au kuna fomu? Wa "karogwa huyo" wapite kushoto.