Kikundi cha familia: shimo la Amani

Baba Mkubwa: Wapendwa, nimeiona picha aliyoituma Amani, ya shimo analochimba nyuma ya nyumba kule Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, ili afukiwe humo kwa saa 10 mbele ya kamera. Naomba kazi hiyo isimame leo hii.

Amani: Baba Mkubwa, ninakusalimu kwa heshima. Sikubuni jambo geni. Jimmy Donaldson, yule wanayemwita MrBeast, alizikwa ndani ya jeneza saa 50 mwaka 2021, kisha siku 7 mwaka 2023, akatoka mzima. Alianza YouTube akiwa na miaka 13 tu, na Juni 2024 chaneli yake ikawa ya kwanza duniani kwa wafuatiliaji.

Baba Mkubwa: Mwanangu, jeneza lake lilitengenezwa maalumu, hewa ikiingizwa, na wenzake walikuwa juu wakizungumza naye. Wewe una jembe na marafiki watatu. Tena yeye hakuzikwa Goma. Hapa kwetu kuna mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano, nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hujikusanya mabondeni na mashimoni, haina rangi wala harufu. Upande huo wa magharibi mwa mji, karibu na ziwa, ndiko inakojulikana zaidi. Mimi nimemwona mbuzi amekufa bondeni alfajiri, majani bado mdomoni, hana hata jeraha.

Amani: Jana jioni niliteremsha mshumaa mpaka chini na haukuzimika.

Baba Mkubwa: Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo binadamu ameshaanza kuzirai. Na jioni si alfajiri. Usiku upepo ukitulia hewa hiyo huzidi kujaa. Usiteremke humo tena, hata kuchukua jembe.

Shangazi Riziki: Kaka amesema ya ardhi, mimi nina la mama yako. Nimesikia kwamba hukutaka aambiwe, ili kamera imnase akilia atakapokukuta umefukiwa. Je, ni kweli?

Amani: Ni kweli, Shangazi. Video za namna hiyo ndizo zinazotazamwa.

Shangazi Riziki: Basi nisikilize, kwa maana huyo unayemfuata ameulizwa jambo hilohilo. Mwaka 2023 alipoonyesha watu 1,000 waliolipiwa upasuaji wa macho, wapo waliomlaumu kwamba anageuza shida za watu kuwa maonyesho. Mimi upasuaji wenyewe siwezi kuulaumu, kwa sababu aliyekuwa haoni sasa anaona. Lakini Septemba 2024 baadhi ya washiriki wa shindano lake la Beast Games walifungua kesi Marekani, wakidai kwamba walitendewa vibaya, hata chakula na dawa hawakupata ipasavyo. Mahakama ina kazi yake. Ninachokuomba ukitazame ni kwamba washiriki wale walijua wanaingia kwenye shindano, ilhali mama yako hakuulizwa chochote, na machozi yake ulikwisha kuyapangia bei.

Amani: Shangazi, hilo sikuliwaza hivyo. Nisameheni. Ila mkinizuia kila kitu, nitaanzia wapi?

Baba Mkubwa: Mwaka 2017 Donaldson alikaa kitini akahesabu mpaka 100,000, zaidi ya saa 40, na ndipo wengi walipomjua. Hakumdhuru mtu. Ukitaka uvumilivu wa namna hiyo, ukumbi wangu upo wazi, na nitakulipia umeme wa kuchaji simu. Chukudu pia ipo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: rekodi jinsi fundi anavyoichonga kutoka kwenye gogo mpaka inabeba magunia ya makaa.

Amani: Chukudu ninaipenda. Nitakuja Jumamosi.

Mama Amani: Nimesoma yote. Amani, tutazungumza nyumbani. Kaka, jirani zetu wawili wanalifukia shimo sasa hivi wakiwa wamesimama juu, hakuna aliyeteremka. Watoto nimewafungia ndani, na mbuzi nimewahamishia upande wa barabara.