Mjadala: Mtoro wa hadithi ajikomboe mwenyewe au aokolewe na manowari?

Mwana wa Karafuu: Ninaandika hadithi ya msichana anayetoroka shamba la mikarafuu Pemba, miaka ya 1880. Rasimu ya kwanza iliisha hivi: manowari ya Waingereza inalinasa jahazi, msichana anashushwa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiwa huru karibu na Mombasa, kengele inalia, mambo matamu. Nimeifuta. Watoro wa Fuladoyo nani aliwaokoa? Waliyakimbia mashamba ya pwani kwa miguu yao, wakajijengea kijiji Ugiriamani. Sasa wangu anaiba ngalawa usiku, vidole bado vinanuka karafuu, anavuka. Kwani hadithi zetu lazima zimngojee Mzungu?

Nahodha Mstaafu: Peke yake? Kwa ngalawa? Mwezi gani? Kusi likivuma, mkondo wa Pemba utamfikisha Mvita, yaani Mombasa, hata kama safari yake ilikuwa Tanga.

Mzee wa Kengeleni: Mwanangu, "kengele inalia, mambo matamu"? Wazee wangu ni wa kijiji hicho. Kengele ile ilipigwa watu wajue wakamata watumwa wanakuja. Haikuwa ya harusi. Leo utingo anaita "Kengeleni, Kengeleni!" na wewe unacheka.

Mwana wa Karafuu: Shikamoo mzee wangu. Sikucheka, nimesema nimeifuta.

Mzee wa Kengeleni: Marahaba. Ndiyo hiyo inayoniuma, umeifuta.

Mchokonozi: Hisia tupu. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa Waingereza 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Alitia kwa kupenda? Mpeni Mwingereza haki yake.

Bi Msomi: Kaka Mchokonozi, 1873 ilipigwa marufuku biashara, kumiliki mtu kukaendelea kama kawaida. Amri ya 1897 ya kufuta utumwa nayo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana ndiye akalipwa fidia. Bwana! Masuria kwa jumla waliachwa kwa mabwana zao. Mwana wa Karafuu, huyo msichana mfanye suria, uone kama kuna manowari itakayomjia.

Mchokonozi: Naona mtu kasoma kitabu kimoja. Mateso yalikuwapo, nani kakataa? Ndiyo maana mji ukaitwa Bagamoyo: bwaga moyo, mtumwa akifika pale kakata tamaa.

Binti wa Bagamoyo: Weee! Hayo ni maneno ya wapagazi. Mtu katembea miezi kutoka Ujiji, pembe ya ndovu begani, anaiona bahari, anabwaga mzigo na moyo unatulia. Mtawauzia watalii kila kitu?

Mchokonozi: Na pembe hiyo aliibeba kwa hiari?

Binti wa Bagamoyo: Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, walipatana kabla ya safari. Huko kwenu sijui mlifundishwa nini.

Mchokonozi: "Kwenu" wapi? Taja.

Mzee wa Kengeleni: Kiswahili cha kwetu, kubwaga ni kutupa chini kwa kishindo. Aliyefurahi hutua.

Mchokonozi: Ahsante mzee! Hata aliyebwaga manyanga kashindwa.

Binti wa Bagamoyo: Na kuli anayebwaga gunia jioni akachukue chake, naye kashindwa? Mzee, nakuheshimu, ila Kimvita si msahafu.

Mzee wa Kengeleni: Unaniheshimu, kisha "ila".

Bi Msomi: Suria wangu hakuna aliyemjibu.

Mwana wa Karafuu: Jamani, msichana wangu bado yuko katikati ya maji.

Nahodha Mstaafu: Nami bado sijajibiwa. Mwezi gani?