Kompyuta ya mezani inawaka ikipenda, naomba ushauri

Mafundi, hamjambo? Nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala hapa Kondele, Kisumu, na kompyuta yangu imeanza vituko. Asubuhi nikibonyeza swichi, feni inazunguka kama sekunde mbili, taa ya mbele inamulika, kisha kimya. Hakuna mlio, skrini nyeusi tii. Nikirudia mara nne au tano inawaka, na ikishawaka inapiga kazi hadi jioni. Wateja wamesimama mlangoni na flashi mkononi, mimi nabembeleza chuma.

Yalianza baada ya mvua ya radi wiki jana, stima ilipopotea na kurudi mara tatu usiku mmoja. (Najua, ningechomoa plagi.)

Nimebadilisha ile betri ndogo ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), CR2032, kwa sababu saa ilikuwa inarudi nyuma. Saa imetulia, shida iko palepale. Nikatoa ramu, ile kadi ya kumbukumbu, nikaisugua meno kwa kifutio, wapi! Jana nikamulika ndani kwa tochi ya simu: karibu na prosesa kuna kapasita mbili (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) zimefura kichwani, moja inatoa utomvu wa kahawia.

Fundi wa jirani anasema ni pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, ninunue nyingine. Mimi nashuku hizo kapasita, maana mashine ikishapata joto inakubali. Kuna aliyebadilishiwa kapasita zikadumu, ama nitafute madabodi ya mitumba? Na nikiazima pawa saplai ya kujaribia, niangalie nini isije ikaunguza kilichobaki?